Kwa Fidelis, Anayedhani Hajawahi Kuiona Bahari

Iyunga, Mbeya
Usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Fidelis,

Salamu sikupi, maana umelala hatua nne tu kutoka hapa nilipokaa, na nakusikia unavyokoroma kama mtu aliyeshinda shambani. Habari za nyumbani unazijua kama ninavyozijua mimi. Kwa hiyo nitaanza katikati.

Mambo ya sweta, ya kufua soksi, ya kumwamkia meneja wako mpya na ya kutunza tiketi ya treni sitayaandika. Hayo nimeyasema mchana kutwa mpaka ukaniambia, "Mama, bado kidogo utanifundisha namna ya kupumua." Nikacheka. Leo nimecheka mara nyingi kuliko kawaida yangu, nadhani umeona. Mtu mwenye hofu hucheka ovyo.

Ndiyo, baba, naogopa. Nimeogopa tangu siku ulipoingia na ile barua ya kazi mkononi, ukaisoma kwa sauti ukiwa umesimama mlangoni, hata viatu hujavua. Hoteli ya ufukweni, Tanga. Bendi kila usiku. Watalii wanaotoka Mombasa, wakubwa wanaotoka Dar es Salaam kupumzika, dansi mpaka alfajiri. Ukasema, "Mama, hatimaye nitaiona bahari." Nikasema hongera. Kisha nikatoka nje kama mtu anayekwenda kuanua nguo, na kamba ilikuwa haina hata kitambaa.

Mwandiko wangu utausamehe. Niliishia darasa la nne kwa masista, na tangu hapo kalamu naishika nikiandika majina ya wanunuzi wangu wa viazi pale sokoni Mwanjelwa, basi. Lakini hili nataka kuliandika, kwa sababu kila nikijaribu kulisema kwa mdomo linageuka linakuwa jambo jingine.

Nianzie karibu. Jumamosi ile ulipoondoka bila sweta, nilikufuata nalo mpaka pale hotelini unakofanya kazi mjini. Hukuniona. Nilipitia nyuma, jikoni, na mpishi akaniambia, "Mama Fide, pita tu uchungulie, mwanao yuko ukumbini anawamaliza watu." Nikachungulia. Ulikuwa umebeba trei ya chupa kichwani bila kuishika, leso puani, unatembea katikati ya meza ukimwigiza bwana afya anavyofunua sufuria za watu. Sitakuficha, na mimi nilicheka. Ulimpata yule mzee hasa, mpaka anavyokohoa kabla ya kuandika. Watu walikuwa wanajifuta machozi. Mmoja mwenye koti akakushika mkono, akakupa glasi yake, akasema, "Kunywa kidogo kijana, umetufurahisha. Halafu rudia." Ukanywa. Ukarudia. Na mara ya pili ulikuwa mzuri zaidi.

Uso wako siku ile sijawahi kuuona hapa nyumbani. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Hicho ndicho kilichonitisha, wala si bia. Nikampa mpishi sweta, nikarudi Iyunga kwa miguu, na njia nzima sikusikia baridi.

Uliporudi nikakuuliza kama umekunywa. Ukasema, "Nimeonja tu, mama." Nikageukia jiko langu. Ukadhani nimekasirika, na kesho yake ukanikatia kuni nyingi kunipoza. Sikuwa nimekasirika, Fidelis. Lilinishtua lile neno, kuonja.

Sasa nasema. Umewaambia wenzako wote kwamba unakwenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza. Si kweli. Umeshaiona. Ulikuwa na miaka mitatu, na ilibaki kidogo ikuchukue. Na mimi mama yako nilikuwa karibu hapo hapo, nikichekesha watu.

Siku zote nimekwambia kwamba baba yako alikwenda Tanga kukata mkonge, akafa kwa homa, na habari ikatufikia kwa barua Kihesa, kwa bibi yako Iringa. Kweli alikufa kwa homa. Ila hakuna barua iliyofika Kihesa, kwa sababu sisi hatukuwa Kihesa. Tulikuwa naye kambini. Nilimfuata nikiwa na wewe mgongoni, na mama yangu alinikataza mpaka sauti ikamkauka. Siku ya kuondoka alisimama uani akasema, "Nenda. Lakini ukimfuata mwanamume, urudi naye." Basi baba yako tulimzika kule kule, kwenye udongo mwekundu nyuma ya kambi, na wenzake wa kutoka kwetu walinishikia wewe wakati nalia. Na mimi nikabaki na yale maneno ya mama. Nirudi na nani?

Nilikuwa na miaka ishirini. Kambi haimweki mjane, nyumba ni ya mkata mkonge. Nikaingia mjini.

Sitakudanganya kwamba palikuwa pabaya, maana utafika utaona mwenyewe, na ukiniona mwongo kwa hilo hutaniamini kwa mengine. Palikuwa pazuri. Mimi niliyezoea usiku wa kwetu, jua likizama watu wanafunga mlango na kuota moto, nilishangaa kuona mji unaamka jua likizama. Wanawake wamejifukiza, wanaume wamepiga pasi suruali mpaka inakata. Wazungu walikuwa na klabu yao mbali kidogo. Ya kwetu ilikuwa ya makarani, madereva na mabaharia, ukumbi wa makuti uliofunguka upande mmoja kuelekea mchangani. Taa za rangi wamezitundika kwenye kamba, na bendi ikipiga, zile taa zinacheza majini kama nazo zimelipa kiingilio. Uhuru ulikuwa bado miezi michache, na watu walikuwa na furaha ambayo hawakujua waiweke wapi. Nikaomba kazi pale. Wakanipa kazi ya kupeleka chupa mezani.

Hapa sasa ndipo kosa langu lilipoanza, na halikuanza kama kosa. Lilianza kama adabu.

Desturi ya wajomba zako umeisikia. Anayekukaribisha ulanzi wake wa mianzi hakupi tu. Anashika kikombe, anakunywa yeye kwanza funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa kwa mikono miwili. Maana yake, kama kuna kitu humu, kianze na mimi. Na wewe ukipewa kilichoonjwa hukikatai, kwani kukikataa ni kumwita mwenzako mchawi. Mimi sikujua kwamba dunia ina watu wasiofanya hivyo. Nilidhani ni kama kusema hodi.

Usiku wangu wa kwanza nikapelekwa kwenye meza ya karani mmoja wa bandari, mtu mnene, kanzu nyeupe, na wenzake watatu. Nikafungua chupa, nikamimina, nikapiga goti, nikanywa funda moja, nikampa glasi kwa mikono miwili.

Akanitazama. "Bibie, kiu yako na yangu ni moja?"

"Hapana, bwana. Nakuondolea shaka."

"Shaka ya nini?"

"Ya sumu."

Wale wenzake walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Karani yeye hakucheka mara moja, akauliza natoka wapi, nikasema Iringa. Akasema, "Watu wa bara bwana, wana mambo. Haya, na rafiki yangu huyu ana shaka kubwa kuliko yangu. Mwondolee." Nikaonja. "Na huyu." Nikaonja. "Na huyu hapa ndiye aogopaye sumu hasa, alishaoa wake watatu." Nikaonja, na meza ya jirani nayo ikaita.

Kesho yake walikuja watu wanauliza, yule wa bara anayeondoa shaka yuko wapi? Baada ya wiki nikawa na jina. Bi Onja. Mwenye klabu alikuwa amekusudia kunifukuza kwa kunywa pombe za wateja, lakini akaona meza zimejaa, akaniambia, "Wewe endelea kuonja."

Mwanzoni nilikuwa nalowesha midomo tu. Wakanishtukia. "Ah, Bi Onja, hapo hujaonja, umebusu." Basi nikameza. Funda moja si ulevi, mwanangu, mtu yeyote atakwambia. Lakini funda moja la kila chupa ya kila meza, kuanzia jua linapozama mpaka bendi inapofunga vyombo, uhesabu mwenyewe. Mimi sikuhesabu. Nilikuwa sinunui pombe, siagizi pombe, siipendi hata harufu yake. Kwa hiyo nikajiambia kwamba mimi si mnywaji. Nilijiambia hivyo mpaka mikono ikaanza kutetemeka asubuhi wakati nakufunga nguo, na bado nikasema ni joto la pwani.

Unaweza kuuliza kwa nini sikuacha. Nimejiuliza mimi kabla yako, usiku mwingi. Kambini nilikuwa mjane wa manamba, mtu ananipita bila kuniona. Kwetu nilikuwa binti aliyemkaidi mama yake. Pale klabu nikitokea na trei, ukumbi mzima unaniita. Kitu nilichokifanya kwa heshima wao wamekifanya mchezo, nami nikaukubali mchezo kwa kuwa ndani yake nilikuwa mtu mwenye jina. Niliuona uso ule ule kwako, Jumamosi ile.

Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa nyuma, kwenye stoo ya kreti. Nilikutandikia gunia kati ya kreti za chupa tupu, nakulaza saa moja jioni, nakubeba alfajiri. Aliyekuwa anakutazama ni mwanamke mmoja aliyekuwa anaosha glasi, jina lake Mwanaidi, Mdigo, mwembamba, mdomo wake una pilipili. Alikuwa ananiambia, "We Mhehe, unaonja au unamaliza?" Nami nacheka. Siku nyingine akasema, "Mwanao leo kaniita mimi mama. Sikumkatalia, maana hapakuwa na mwingine wa kuitika." Hapo sikucheka, lakini nilikwenda na trei yangu.

Wateja hawakujua kama nina mtoto. Mmoja aliniuliza mapema, nikasema sina. Bi Onja alikuwa msichana kutoka milimani ambaye hajui hata kama bia haina sumu. Mwanamke mwenye mtoto angewaharibia mchezo.

Ule usiku ulikuwa wa Jumamosi, watu wengi mno, kulikuwa na meli bandarini. Mwanaidi alitoka nyuma kumwaga maji machafu. Akaona kitu cheupe majini. Ilikuwa fulana yako. Ulikuwa umeamka, umetoka peke yako, umezifuata zile taa za rangi zilizokuwa zinacheza juu ya maji. Alivyonisimulia baadaye, maji yalikuwa yamekufika kifuani na ulikuwa umenyoosha mikono miwili, unajaribu kuikamata nyekundu. Wimbi moja likakulaza. Aliingia na nguo zake zote.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiogopa mto ulipokuwa shule ya msingi, wenzako wakiogelea wewe unashika nguo zao? Ulirudi siku hiyo unalia, ukaniuliza kwa nini uko hivyo. Nikakujibu, "Wewe ni mtu wa milima, baba." Nisamehe kwa jibu hilo.

Mwanaidi alikuja nawe ukumbini, umefungwa kanga yake, unatiririka maji. Bendi ilikuwa imepumzika. Akakusimamisha juu ya kaunta, katikati ya glasi, na akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mtoto huyu wa nani?"

Alikuwa anajua ni wa nani. Alikuwa ananipa nafasi.

Mimi nilikuwa nimeegemea meza ya mabaharia, glasi mkononi. Nikakutazama. Na nikasema, "Simjui."

Wewe ukasema, "Mama."

Watu wakageuka. Mtu mmoja akasema, "Bi Onja, unaitwa huko." Na mimi nikasema, naandika maneno yangu yote nisibakize, nikasema, "Mtoto wa watu amenifananisha." Wakacheka. Na mimi nikacheka nao.

Nimeiweka kalamu chini hapa muda mrefu. Umegeuka upande, nikadhani umeamka.

Mwanaidi hakunitukana. Alikukaza ile kanga, akakubeba, akatoka. Bendi ikarudi. Nikaendelea kuonja mpaka kukacha.

Asubuhi niliamka kwenye stoo, kichwa kwenye gunia lako, na wewe hupo. Sikukumbuka kitu. Nakuapia sikukumbuka kitu. Nikatoka mbio mpaka mchangani, nikaita, nikaingia majini mpaka kiunoni, naita jina lako kama mwendawazimu. Kulikuwa na mzee anayefagia ukumbi. Akasimama na ufagio wake, akasema, "Unamtafuta mtoto? Si usiku umesema humjui?"

Ndivyo nilivyoambiwa na mtu mwingine kitu nilichokifanya kwa mdomo wangu.

Mwanaidi alikuwa anakaa Ngamiani. Nilimkuta kizingitini, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nikapiga hodi. Hakuinua macho.

"Hodi ya nani?"

"Mimi, dada. Nimemfuata mtoto."

"Mtoto yupi? Ninaye mmoja, hana mama. Mama yake mwenyewe kasema hamjui."

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Nazi ikaendelea kukunwa. Mwisho akasema, "Kama ni wako, mwite."

Nikakuita. Ukachungulia nyuma ya bega lake, ukaniona, ukarudi ndani. Nikainuka nikufuate, akanizuia kwa ule mkono wenye machicha. "Usimvute. Ukimvuta utapata mkono tu."

Nilikaa pale mpaka alasiri. Hukuja, baba. Ulikuwa unapita unaniangalia kama mtu anavyoangalia mbwa asiyemjua tabia. Baadaye ulikuja, lakini hukuja kwangu. Ulikuja kuchukua kipande cha muhogo kilichokuwa karibu na mguu wangu. Nikakaa kimya kabisa, hata kupumua nilipumua kidogo, mpaka ukamaliza kukila hapo hapo ukiwa umesimama. Kisha ukakaa. Hukuniegemea. Ulikaa tu, karibu.

Mwanaidi akaniambia, "Nenda kwenu." Nikamwambia maneno ya mama yangu, kwamba nisirudi bila mume. Akacheka, si kwa ubaya. "Mama yako alijua kama mume atakufa? Watu husema maneno ya siku ile. Wewe umeyafanya sheria ya maisha." Akanitafutia lori la mtu aliyekuwa anakwenda Iringa, akamwambia dereva, "Huyu usimpe kitu cha kunywa njiani, hata uji, mpaka nyumbani kwao."

Nilipofika Kihesa mama yangu alisimama uani, mahali pale pale aliponiachia. Akanisalimu, "Kamwene." Nikaitika. Basi. Hakuuliza mume yuko wapi. Miezi yote ile niliyokaa Tanga nikiogopa mlango ule, na mlango wenyewe ulikuwa wazi hivyo.

Lakini jioni yake mjomba wako, kaka yangu Gaspari, akaja na ulanzi kwenye mbeta ya mwanzi kunipokea. Furaha yake ilikuwa kubwa. Akamimina, akanywa funda moja mbele yangu, akanipa kwa mikono miwili. Nikapokea. Ile harufu ikanipanda, na mate yakanijaa mdomoni kama mbwa. Nikaona nikilinywa funda hili moja nimekwisha. Nikaumwaga chini, mbele ya watu wote.

Gaspari akasema, "Dada, unadhani nimekuwekea sumu?"

Sikumjibu. Ningesema nini? Kwamba sumu iko kwangu? Ningelazimika kusema kila kitu, na wewe ulikuwa umeketi pale, na mama alikuwa pale. Kaka yangu akachukua mbeta yake akaondoka, na mpaka leo anaamini nilimwita mchawi. Ndiyo maana tunakaa Mbeya. Ndiyo maana hakuja kwenye kipaimara chako. Ndiyo maana harusi za kwetu tunafika tumechelewa na kuondoka kabla vikombe havijaanza kuzunguka, na wewe unaninunia njia nzima. Uliniuliza mara tatu mjomba amenikosea nini. Hajanikosea kitu. Mimi ndiye niliyemkosea, na ningeweza kulimaliza kwa maneno machache tu tangu zamani. Nilichagua kupoteza kaka kuliko wewe usikie.

Sasa ona ninavyoogopa. Siogopi wezi wa kule. Siogopi wanawake, hilo utajifunza kwa akili yako na aibu yako. Naogopa kwamba watakupenda. Nawajua, ni watu wa ukarimu, wana utani mtamu, na wewe una kipaji ambacho mimi sikuwa nacho, mimi nilikuwa nacheza mchezo mmoja tu. Wewe utawapa bwana afya usiku wa kwanza, na usiku wa pili watamtaka tena, na kila atakayefurahi atakuwa na glasi mkononi.

Sikukatazi kuwachekesha. Ningekukataza ningekuwa nimemzuia Fidelis hapa nikampeleka mwingine. Ila ujaribu jambo moja ambalo mimi sikulijaribu hata mara moja. Usiku mmoja, mapema, kabla hujazoea, wakikuomba ile ya bwana afya, sema leo hapana. Sema kwa kutabasamu. Kisha uwatazame nyuso zao. Watakaoendelea kukuita kwa jina lako, kaa nao. Nadhani wapo. Mimi sikuwahi kujua kama wangu walikuwepo, kwa sababu sikuwahi kusema hapana.

Na ukija kuharibu, maana mtu huharibu, usisubiri kama mimi niliyesubiri mume wa kurudi naye. Usisubiri upate zawadi, usisubiri upone, usisubiri nguo mpya. Rudi unanuka. Rudi usiku. Mimi naamka saa kumi kila siku kwa ajili ya viazi, hutaniamsha.

Mwanaidi sijui kama yu hai. Sikumwandikia hata mara moja, kwa aibu, na hilo nalo ni deni langu lisilolipika. Ukipata siku ya mapumziko, pita Ngamiani, uliza. Ukimkuta, mpe shikamoo yako na yangu. Hatakutambua, umekuwa mrefu. Mwambie wewe ni yule mtoto wa kwenye kaunta, na mwambie mama yako anakujua.

Kumekaribia kucha. Jogoo wa jirani amewika mara mbili. Niseme la mwisho, kisha nikawashe moto.

Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii kwenye begi lako, chini ya mashati, uikute Dar es Salaam au mbele zaidi, mimi nikiwa mbali na macho yako. Nimeikunja, nimesimama, nimefika kwenye begi, nimerudi nayo. Nimeona kwamba kukupa neno kama hili ukiwa umeshaondoka ni kusema tena simjui, safari hii kwa adabu. Sitaki kulisema mara ya tatu.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, ukishamaliza chai. Nitakaa kwenye kigoda mbele yako mpaka umalize kusoma. Usisome haraka. Kuna mahali utasimama na kuniangalia. Niangalie tu, sitageuza uso. Ukitaka kuuliza, uliza hata lile baya kabisa. Ukitaka kutoka nje ukae peke yako, toka, na mimi nitabaki pale pale kwenye kigoda. Sitakuvuta.

Na kama treni itapita hujamaliza, ipite. Kesho kutwa kuna nyingine.

Mimi mama yako